Kabla ya Kuanza Kuhesabu Wageni wa Tovuti

Taasisi nyingi zinazoendesha tovuti, iwe ni chuo, halmashauri, zahanati au chama cha ushirika, hutujia na swali moja: "Tunataka kujua watu wangapi wanatutembelea. Tuweke nini?" Jibu la haraka lipo, wala halihitaji fundi mkubwa. Unafungua akaunti kwenye programu ya takwimu, unapewa kipande kifupi cha msimbo, unakibandika sehemu ya juu ya kila ukurasa, na baada ya muda mfupi namba zinaanza kuingia. Ni kazi ya mchana mmoja. Lakini mipangilio itakayoachwa bila kuguswa mchana huo ndiyo itakayoamua kama namba hizo zitakuja kuwa na maana, na kama wageni wenu mmewatendea haki.

Mtu anapofungua ukurasa, kivinjari chake husoma msimbo huo na kutuma ujumbe mdogo kwenye seva ya takwimu: amefungua ukurasa gani, saa ngapi, kwa simu au kompyuta, na ametokea wapi. Kisha huhifadhi kidakuzi, yaani faili dogo lenye namba ya kubahatisha, ili akirudi kesho atambulike kuwa ni yule yule. Kidakuzi cha Google Analytics, programu ya takwimu ya Google, kwa kawaida huwekwa kwa miaka 2. Kwenye Safari, kivinjari cha iPhone, hufutika baada ya siku 7 kama mtu hajarudi. Kwa hiyo kinachohesabiwa ni kivinjari, si mtu. Mwalimu aliyesoma tangazo la ajira kwenye simu asubuhi, akalifungua tena kwenye kompyuta ya ofisini mchana, ni wageni wawili. Wanafunzi wanaopokezana kompyuta moja ya maktaba huweza kuhesabiwa mgeni mmoja. Ripoti inayopelekwa kwa bodi iseme wazi kwamba hayo ni makadirio.

Mpangilio wa kwanza wa kuuangalia ni saa. Akaunti mpya huuliza uko ukanda gani wa saa, na wengi hupita hapo wakiwa na haraka. Ukijikuta umeachiwa saa za Los Angeles, siku yako ya takwimu itaanza wakati Dar es Salaam na Nairobi ni saa nne au saa tano asubuhi, kutegemea majira ya huko. Tangazo ulilotoa Jumatatu saa mbili asubuhi litaonekana limesomwa Jumapili. Ukija kurekebisha baadaye, mabadiliko yanagusa data inayofuata tu, ile ya nyuma inabaki ilivyo. Na hata mpangilio ukiwa sahihi, ripoti huhesabu saa kuanzia usiku wa manane, hivyo 20 ya ripoti ni saa mbili usiku yetu. Anayeandaa muhtasari kwa wakubwa ageuze kabisa, asimwachie msomaji.

Kwa hapa kwetu, panapopotosha zaidi ni WhatsApp. Tovuti ikipata wageni kupitia Google, programu inaona wametoka Google. Mtu akibofya kiungo alichotumiwa kwenye kundi la WhatsApp, mara nyingi hakuna kinachoonyesha alikotoka, na programu humweka kwenye fungu la waliokuja "moja kwa moja", kana kwamba kila mmoja ameandika anwani ya tovuti kwa mkono wake. Kwa taasisi ambayo matangazo yake husambaa kwenye makundi ya wazazi, ya wafanyakazi na ya mtaa, fungu hilo linaweza kuvimba hadi likawa halikuambii kitu. Dawa yake ni kuweka alama kwenye kiungo kabla ya kukituma, hivi:

/matangazo/ajira?utm_source=whatsapp&utm_medium=kundi&utm_campaign=ajira-machi

Kinachofuata alama ya kuuliza hakibadilishi ukurasa, kinaiambia programu tu mgeni ametokea wapi. Kubalianeni maneno mtakayotumia, yaandikwe mahali pamoja, na yote yawe kwa herufi ndogo, maana "WhatsApp" na "whatsapp" zitahesabiwa kama njia mbili tofauti. Ofisi ambayo kila mtu anajitungia alama zake huishia na ripoti isiyosomeka.

Wafanyakazi wenu wenyewe waondolewe kwenye hesabu. Google Analytics ina kichujio cha anwani za IP za ofisi, yaani namba zinazotambulisha mtandao wake, ila kinapowekwa huwa katika hali ya majaribio, na kisipowashwa rasmi hakichuji chochote.

Wapo pia wageni msimbo usiowaona kabisa. Wanaotumia Opera Mini ili kuokoa bando hufunguliwa kurasa zilizokwisha kubanwa kwenye seva za Opera, na msimbo wa takwimu huko haufanyi kazi vizuri kila wakati. Wanaozuia matangazo kwenye vivinjari vyao mara nyingi huzuia na takwimu. Mtandao ukikatika kabla ukurasa haujamaliza kufunguka, huyo naye hapati kuhesabiwa. Ndiyo maana napenda taasisi ilinganishe namba zake na kumbukumbu za seva yake, ambazo huandika kila ombi lililofika. Kumbukumbu hizo zimejaa roboti, yaani programu zinazofungua kurasa zenyewe bila mtu, zinahitaji kuchujwa, lakini zitakuonyesha kama kuna kundi zima la watu unalolikosa. Ukiamua kuondoa huduma "kwa kuwa haitumiki", hakikisha kwanza wanaoitumia si hao.

Sasa nije kwenye jambo linalonihangaisha kuliko yote hayo. Fomu za tovuti zikitengenezwa vibaya hupeleka alichoandika mwombaji kwenye anwani ya ukurasa unaofuata. Mtu anajaza fomu ya maombi, anabofya "Tuma", na juu ya kivinjari panatokea kitu kama /maombi/asante?jina=…&simu=07…&kitambulisho=… Programu ya takwimu hunakili anwani za kurasa kama zilivyo. Kwa mchana mmoja tu, majina, namba za simu na namba za vitambulisho vya waombaji vinakuwa vimetumwa kwenye seva za kampuni iliyo nchi nyingine, bila mtu yeyote kukusudia. Google yenyewe inakataza kutumiwa taarifa za aina hiyo. Kabla hamjabandika msimbo, jazeni kila fomu ya tovuti yenu kwa majina ya uongo na mtazame anwani inayotokea. Mkikuta taarifa za mtu pale, rekebisheni fomu kwanza. Kama ni tovuti ya zahanati, nasema bila kusita: kurasa za kuomba miadi au majibu ya vipimo zisiwekwe msimbo wa kampuni ya nje hata kidogo.

Sheria nazo zipo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Zote zinataka mtu aelezwe taarifa zake zinakusanywa kwa ajili gani, na zote zina masharti kuhusu kuzipeleka nje ya nchi. Huko Ulaya, mwaka 2022 mamlaka za Austria na Ufaransa ziliona kuwa tovuti zilizotumia Google Analytics zilikiuka sheria kwa kupeleka data Marekani. Toleo la sasa la Google Analytics halihifadhi anwani za IP, lakini data bado inakwenda kwa kampuni ya nje. Taasisi ndogo inayotaka kujua kurasa zipi zinasomwa inaweza kutumia Matomo, programu huria inayokaa kwenye seva yenu wenyewe, inayoweza kufanya kazi bila vidakuzi na kuficha sehemu ya mwisho ya anwani ya IP. Itamtaka fundi wa kuisasisha, na hiyo ndiyo gharama yake.

Mkichagua Google Analytics, angalieni muda wa kutunza data. Huanza na miezi 2, na akaunti ya bure inaruhusu hadi 14. Anayetaka kulinganisha msimu wa udahili wa mwaka huu na uliopita kwa undani auongeze mapema. Kisha andikeni tangazo la faragha kwa Kiswahili cha kawaida, lionekane bila kutafutwa: "Tunahesabu kurasa zinazosomwa ili tujue za kuboresha. Hatukusanyi jina wala namba yako ya simu kwa kazi hii. Data hufutwa baada ya miezi 14. Ukikataa, tovuti itafanya kazi kama kawaida." Kila sentensi hapo iwe kweli kwa tovuti yenu, na kitufe cha kukataa kijaribiwe: kikibofywa, msimbo usitume kitu.