Kijumbe haandiki upya daftari: namna ya kuzungusha orodha

Akina mama watano wa Sakina, hapa Arusha, wanacheza mchezo wa kila wiki, yaani kuchangishana pesa na kupokea kwa zamu: Neema, Sia, Upendo, Rehema, Manka. Kijumbe ndiye anayesimamia mchezo na kushika daftari la zamu. Neema akishapokea, anakwenda mkiani na Sia anakuwa wa kwanza. Kwenye programu tunaita hivyo kuzungusha orodha hatua moja kushoto.

Wanafunzi wetu wengi huandika hivyo hivyo: mtoe wa mbele, mpeleke nyuma, rudia. Kwa majina matano hakuna tatizo. Kwa majina 100,000, kila akitolewa wa mbele waliobaki wote husogezwa nafasi moja. Rudia mara 50,000 na umeshasogeza vitu karibu bilioni 5.

Piga hesabu kwanza. Baada ya wiki 52, gawanya kwa 5: baki ni 2, basi zungusha mara 2 tu, aanze Upendo. Baki hiyo hupatikana kwa alama ya %. Angalia ukirudi kinyume: -1 % 5 kwenye lugha ya programu ya Python ni 4, lakini kwenye lugha za C na Java ni -1, nafasi isiyokuwepo. Na orodha ikiwa tupu utakuwa unagawanya kwa sifuri. Hapo hata wazoefu hunaswa.

Kwenye Python, orodha[2:] + orodha[:2], yaani wa tatu hadi wa mwisho, kisha wawili wa mwanzo, inamaliza kazi, ila inatengeneza orodha ya pili. Kama kumbukumbu ni finyu, pindua vipande: wawili wa mwanzo wawe Sia, Neema, watatu wa mwisho wawe Manka, Rehema, Upendo, kisha pindua orodha nzima. Utapata Upendo, Rehema, Manka, Neema, Sia. Mimi mwenyewe sikuamini mpaka nilipojaribu kwa vizibo vya soda mezani.

Lakini mtazame kijumbe. Hafuti jina hata moja. Anasogeza tiki tu. Kwenye programu, tiki hiyo ni namba moja, tuiite mwanzo, tukihesabu kuanzia 0. Anayefuata kwa hatua i yuko nafasi ya (mwanzo + i) % 5. Majina yawe matano au milioni, kuzungusha ni kubadili namba hiyo moja. Ila ukimpa mwenzako orodha bila kumpa mwanzo, atasoma kuanzia juu, na Neema atapokea mara mbili.

Python ina deque, aina ya orodha unayoweza kuongeza na kutoa pande zote mbili, yenye amri ya kuzungusha iitwayo rotate, tangu toleo la 2.4, mwaka 2004. Namba chanya husukuma kulia, kwa hiyo mchezo wa Sakina unahitaji rotate(-1).