Kikao kimefungwa, lakini si kwa sababu unayodhani

Gazeti rasmi la serikali ya Marekani, Federal Register, hutoa tangazo fupi: jina la kamati, tarehe, saa, na ajenda ya mstari mmoja, kupitia na kutathmini maombi ya ruzuku. Kisha linasema kikao hakitakuwa wazi kwa umma. Kamati yenyewe hupitia maombi ya NIDA, taasisi ya taifa ya Marekani inayogharimia utafiti wa dawa za kulevya. Hapo ndipo maneno huanza.

“Wanaficha matokeo ya utafiti.”
Matokeo yatoke wapi, na utafiti unaoombewa fedha haujaanza? Kilichopo mezani ni maombi ya fedha. Mtafiti ameeleza wazo ambalo hajalichapisha popote, pengine la dawa mpya ya kumsaidia mraibu wa heroini, na hataza, yaani haki ya kisheria ya kumiliki ugunduzi, bado hana. Humo humo mna habari binafsi za watu wa timu yake. Sheria ya mwaka 1976 inayotaka vikao vya serikali viwe wazi inaruhusu kufunga mlango kwa sababu kadhaa, na zinazotumika hapa ni mbili: siri za kibiashara na faragha ya mtu. Naiunga mkono kwa moyo wote. Mlango ukiwa wazi, yeyote angeingia, akasikiliza, akaondoka na jasho la mwenzake.

“Maofisa wa serikali ndio wanaopanga nani apate.”
Wanaotoa alama wengi wao ni watafiti wa vyuo vikuu. Ofisa wa serikali yumo kusimamia taratibu, alama hatoi. Kwa kawaida kila ombi husomwa kwa kina na watu watatu kabla ya kikao. Alama ni 1 hadi 9, na wengi hukosea hapa: 1 ndiyo bora. Wastani huzidishwa kwa 10, kwa hiyo aliyepata 20 ana matumaini, wa 60 ajipange upya. Maombi yaliyoonekana dhaifu huenda yasijadiliwe kabisa, ila mwenyewe hupelekewa maoni ya waliomsomea.

“Ni kujuana tu.”
Likifika ombi la chuo anachofundisha mjumbe, mjumbe huyo hutoka. Kama kikao ni cha video, huwekwa kando mpaka ombi liishe. Majina ya wajumbe hutangazwa. Hata hivyo sitasema upendeleo hauwezekani. Wanaochunguza uraibu wanasomana na kukutana kwenye makongamano, na kutoka chumbani hakufuti urafiki wala ushindani.

“Wakitoka humo, pesa zimeshagawiwa.”
Bado. Maombi hupanda kwa baraza la ushauri la taasisi, ambalo lina kipindi cha wazi kwa umma, na neno la mwisho ni la mkurugenzi wa taasisi. Ruzuku ikitolewa, mada, chuo na kiasi cha fedha huwekwa hadharani, mtu yeyote atafute. Yaliyokataliwa hayatangazwi, mwenyewe huyachukua, akayarekebisha, akayaleta tena.