Kutaja Kikwazo Si Kukosa Imani: Dhana Potofu Kuhusu Fikra Chanya na Malengo ya Utu Uzima

Kila Januari, katika vikoba na vikundi vya sala, watu wa miaka arobaini na hamsini hutamka wanachokitaka mwaka huo: kumaliza nyumba, kulipa deni, kurudi chuoni, kushusha presha. Mtu akiuliza fedha zitatoka wapi, huambiwa papo hapo asikiri kushindwa. Nimekaa katika vikao hivyo kwa miaka mingi, na ninaamini kwa dhati katika matumaini na katika sala. Ndiyo maana naumia ninapoona watu wazima wenye bidii wakizuiwa na dhana ambazo hazina msingi katika dini wala katika sayansi.

Dhana: Anayetaja kikwazo anakikaribisha

Hii ndiyo mama wa dhana zote, nayo inastahili nafasi kubwa. Mwaka 1991 wanasaikolojia Gabriele Oettingen na Thomas Wadden walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanawake 25 waliokuwa katika mpango wa kupunguza uzito nchini Marekani kwa mwaka mmoja. Wanawake waliotarajia kufanikiwa walipungua takriban kilo 12 zaidi ya wale ambao hawakutarajia. Hata hivyo, waliojichorea akilini picha tamu za mwili mpya, picha zisizo na jasho wala vishawishi vya chakula, walipungua takriban kilo 11 pungufu ya wale ambao katika taswira zao ugumu wa safari ulionekana. Kutarajia, basi, ni jambo moja, na kuota ndoto ya mchana ni jingine, ingawa katika mazungumzo yetu yote mawili huitwa kuwaza chanya. Miaka 20 baadaye, Oettingen na Heather Barry Kappes walionyesha sababu mojawapo: baada ya mtu kujipa picha ya ushindi uliokamilika, nguvu yake ya kuianza kazi, iliyopimwa kwa msukumo wa damu, huwa ndogo. Mwili hutulia kana kwamba safari imekwisha.

Njia ambayo Oettingen aliiendeleza kutokana na matokeo hayo ni kuliwaza lengo kwa furaha yote, kisha, bila kuchelewa, kuwaza kile kilichomo ndani ya mtu mwenyewe ambacho kitamzuia. Wapo watakaosema kwamba hayo ni maneno ya wasomi wasioamini. Lakini Nehemia, alipotishwa na maadui wakati wa kujenga upya ukuta wa Yerusalemu, aliomba na pia akaweka walinzi mchana na usiku. Asingeweza kuweka walinzi dhidi ya adui asiyetaka kumtaja. Na katika hadithi iliyopokewa na Tirmidhi, mtu aliyemuuliza Mtume iwapo amfunge ngamia wake au amwache huru na kumtegemea Mungu, alijibiwa amfunge, kisha ategemee.

Dhana: Fikra njema hutibu, na kupima ni kujitafutia ugonjwa

Katika umri huu dhana hii inaua. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba karibu nusu ya watu wa miaka 30 hadi 79 wenye shinikizo la juu la damu hawajui kwamba wanalo, kwa kuwa mara nyingi ugonjwa huo hauumi wala hautoi dalili hadi umeshaathiri moyo, figo au ubongo. Anayesema “mimi siupokei huo ugonjwa” na kukataa kipimo cha dakika chache hajaukataa ugonjwa. Amekataa habari zake tu.

Dhana hii ina upande mwingine wa kikatili zaidi, nao ni kumlaumu mgonjwa kwamba angekuwa na moyo mkunjufu au imani kubwa angepona. Mwaka 2007 James Coyne na wenzake walichapisha uchambuzi wa wagonjwa 1,093 wa saratani za kichwa na shingo, na hawakuona kwamba hali ya kihisia ya mgonjwa ilibashiri muda atakaoishi. Sala na faraja humsaidia mgonjwa kubeba siku zake, na hilo si jambo dogo hata kidogo. Lakini hakuna mwenye haki ya kusimama kando ya kitanda na kupima imani ya mtu kwa matokeo ya vipimo vyake.

Dhana: Baada ya arobaini ni kuporomoka tu

Msemo wa “msukosuko wa umri wa kati” ulianzishwa na Elliott Jaques mwaka 1965, katika makala iliyotokana zaidi na kuchunguza maisha ya wasanii mashuhuri. Elaine Wethington alipowauliza Wamarekani wa kawaida, takriban asilimia 26 walisema wamewahi kuupata, na wengi wao walikuwa wanaeleza talaka, msiba au kupoteza kazi, mambo yanayoweza kumfika mtu wa umri wowote. Kuhusu biashara, utafiti wa Pierre Azoulay na wenzake, uliochapishwa mwaka 2020, uligundua kwamba wastani wa umri wa waanzilishi wa kampuni nchini Marekani ni takriban miaka 42, na kwa kampuni zilizokua kwa kasi kuliko zote ni 45. Sura ya Al-Ahqaf nayo inamtaja mtu anayefika miaka arobaini akiomba awezeshwe kushukuru na kutenda mema, dua ya mtu ambaye bado ana kazi mbele yake.

Dhana: Kupanga ni kumwingilia Mungu

Wanaosema hivi hutaja Waraka wa Yakobo, sura ya 4, unaowakemea wanaotangaza kwamba watakwenda mji fulani, wakae mwaka, wafanye biashara na kupata faida. Aya za mbele zinaeleza kosa lao: ni majivuno. Wanafundishwa kusema, Bwana akipenda, tutakuwa hai na tutafanya hivi au hivi. Mpango umebaki palepale. Kilichoongezwa ni unyenyekevu. “Inshallah” ya kweli ina maana hiyohiyo.

Dhana: Ukiliandika lengo, umeshalifikia nusu

Semina nyingi husimulia kwamba mwaka 1953 asilimia 3 ya wahitimu wa Chuo Kikuu cha Yale waliandika malengo yao, na miaka 20 baadaye wakawa na mali kuliko asilimia 97 waliobaki kwa pamoja. Utafiti huo haukuwahi kufanyika. Kilichofanyiwa utafiti ni jambo la unyenyekevu zaidi: mwaka 2006 Peter Gollwitzer na Paschal Sheeran walikusanya matokeo ya majaribio 94 na kuona kwamba watu hufanikiwa zaidi wanapolifunga lengo kwenye wakati na tendo mahususi, kwa sentensi ya namna ya “likitokea hili, nitafanya hili.”

Tuchukue mwalimu wa shule ya serikali Tanzania, mwenye miaka 49, ambaye kwa sheria atastaafu akiwa na 60. “Mwaka huu namaliza nyumba” ni maneno mazuri ya kutamka kanisani au msikitini. Daftari lake linahitaji mengine: “Mshahara ukiingia, kabla ya malipo mengine yoyote, nitaweka shilingi 100,000 kwenye SACCOS, na ndugu akipiga simu kuomba fedha katikati ya mwezi, nitamjibu kwa upole kwamba fungu la ndugu nililitenga na limekwisha.” Hapo kikwazo kimetajwa, hata kama kinauma kukitaja kwa sababu kina jina la mtu tunayempenda. Kwa miaka 11 iliyobaki, akiba hiyo itafika shilingi 13,200,000 bila kuhesabu gawio. Huenda kiasi hicho kisimalize nyumba nzima, kikatosha kuezeka tu. Basi katika sala yake na katika daftari lake aandike kuezeka.