Ubongo Hauli Hata Nusu Yuniti

Ubongo wa mtu hutumia takriban wati 20. Ukipiga hesabu kama unayenunua LUKU, kwa saa 24 ni yuniti 0.48, hata nusu haijafika. Kwa umeme huo seli za neva zipatazo bilioni 86 zinaona, zinasikia, zinakumbuka deni la dukani na kukupumulia ukiwa usingizini. Mitambo inayofundisha akili mnemba, umeme wake unahesabiwa kwa megawati.

Wengi hudhani umeme huo unaliwa na hesabu zenyewe. Sehemu kubwa unaliwa na safari. Katika muundo wa kompyuta alioueleza mwanahisabati John von Neumann mwaka 1945, kumbukumbu inakaa upande mmoja na kichakataji, yaani sehemu inayopiga hesabu, upande mwingine. Ni mpishi ambaye stoo yake iko mtaa wa pili: chumvi anaifuata huko, kitunguu huko, na kilichobaki anakirudisha huko huko. Kuleta namba moja kutoka kumbukumbu iliyo nje ya chipu hula nishati mara mamia kuliko kuijumlisha. Ubongo hauna stoo ya mbali. Sinepsi, yaani kiungo kati ya neva na neva, ndiyo inayotunza na ndiyo inayofanya kazi.

Je, kuna kitu kisicho hai chenye tabia hiyo? Mwaka 1971 Leon Chua wa Berkeley, Marekani, alionyesha kwa hesabu kwamba kinaweza kuwepo kifaa ambacho ukinzani wake, yaani kiasi kinavyozuia umeme, unategemea umeme uliokwishapita ndani yake. Akakiita memrista. Mwaka 2008 maabara ya kampuni ya kompyuta ya HP, chini ya Stanley Williams, ilitangaza kukipata: utando wa titani dioksaidi wenye unene wa nanomita chache, umebanwa kati ya nyaya mbili za platinamu. Wapo wanaobisha hadi leo kama hiyo ndiyo memrista ya Chua hasa, lakini kifaa kinafanya kazi. Ndani ya utando kuna nafasi zilizokosa oksijeni. Volti ikizisukuma upande huu ukinzani unashuka, ikizirudisha unapanda. Ukizima umeme, zinabaki pale ulipoziacha. Hiyo ndiyo kumbukumbu.

(Titani dioksaidi ndiyo weupe wa rangi ya ukutani. Madini yake ya asili, rutile, yalichimbwa kwenye mchanga wa Kwale, pwani ya Kenya, hadi mwishoni mwa 2024.)

Sasa tandaza nyaya mlalo, nyingine wima juu yake, na kila zinapokutana weka memrista. Aliyesoma fizikia ya sekondari anaikumbuka sheria ya Ohm: ukinzani ukiwa mdogo, mkondo unaongezeka. Basi ukiiwekea memrista volti, mkondo unaotoka ni jibu la kuzidisha volti hiyo kwa wepesi wa memrista kupitisha umeme, na mikondo ikikutana kwenye waya mmoja imeshajumlishwa. Kuzidisha na kujumlisha ndiyo kazi kubwa ya akili mnemba, na hapa hakuna namba iliyosafirishwa kwenda stoo.

Njia nyingine haisubiri vifaa vipya. Neva hunyamaza mpaka iwe na la kusema, na chipu ya kawaida ya transista, yaani swichi ndogo za umeme, inaweza kuiga hivyo. Chipu ya TrueNorth ya kampuni ya IBM, mwaka 2014, ilikuwa na neva bandia milioni 1 na sinepsi milioni 256, ikitumia takriban miliwati 70.

Magazeti yakiandika "kompyuta yenye ubongo" mimi husita. Memrista mbili zilizotengenezwa siku moja hazilingani, na ukinzani ulioupanga leo unaweza kuhama kidogo kesho. Tena mikondo ile lazima igeuzwe kuwa namba, na kugeuza kuna gharama yake. Mara nyingine kunameza umeme uliookolewa. Ila sinepsi nazo si waaminifu: ishara hufika na mara nyingi hazipitishi kitu. Ubongo unapataje jibu sahihi kwa vipuri vya namna hiyo? Hapo ndipo wataalamu wa vifaa na wataalamu wa neva wameanza kukaa meza moja.