Mlipuko Mkuu haumthibitishi Muumba, wala haumkanushi

Hoja inayotumiwa sana kumthibitisha Muumba ina sentensi tatu. Kila kilichoanza kuwako kina kisababishi. Ulimwengu ulianza kuwako. Basi ulimwengu una kisababishi. Al-Ghazali, mwanateolojia wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, aliitetea dhidi ya wanafalsafa walioshikilia kwamba ulimwengu ni wa tangu na tangu. Siku hizi watu hugonga muhuri wa Mlipuko Mkuu, nadharia ya fizikia kuhusu mwanzo wa ulimwengu, kwenye sentensi ya pili na kuhesabu kesi imekwisha.

Fizikia inasema nini hasa? Galaksi zinazidi kuachana. Ukirudisha mwendo huo nyuma, unafika miaka bilioni 13.8 iliyopita, wakati kila tunachokiona kilikuwa kimesongamana na kuwaka moto mkali mno. Ushahidi tunao. Mwanga ulioachiliwa ulimwengu ukiwa na umri wa miaka kama 380,000 bado unatufikia kutoka pande zote za anga, umepoa hadi kelvini 2.7, yaani nyuzi 2.7 tu juu ya baridi ya mwisho kabisa. Heliamu nayo, takriban robo ya mata ya kawaida kwa uzito, nyingi yake iliundwa katika dakika chache za mwanzo. Hadi hapo hakuna ubishi wa maana.

Rudi nyuma zaidi, na milinganyo ya Einstein kuhusu mvutano inatoa msongamano usio na kikomo. Wengi husoma jibu hilo kana kwamba limeandikwa "hapa ndipo kitu kilipotokea pasipo kitu". Mimi nalisoma kama kikokotoo kilichoandika "kosa" baada ya kuambiwa kigawanye kwa sufuri. Sekunde 10⁻⁴³ za mwanzo (nukta, sufuri 42, kisha 1) zinahitaji nadharia inayounganisha mvutano na kwanta (fizikia ya vitu vidogo kabisa), na nadharia hiyo haijakamilika. Mwaka 2003 wanafizikia Borde, Guth na Vilenkin walionyesha kwamba ulimwengu ambao kwa wastani umekuwa ukitanuka hauwezi kuwa umetanuka hivyo tangu milele. Ni matokeo mazito. Lakini yanaonyesha kwamba utanukaji una mpaka. Ng'ambo ya mpaka hayasemi kitu.

Georges Lemaître, padri wa Ubelgiji aliyelitoa wazo la chembe asilia (kwamba ulimwengu ulitokana na chembe moja) mwaka 1931, aliikataa njia hii ya mkato. Papa Pius XII alipoihusisha nadharia ya Mlipuko Mkuu na uumbaji mwaka 1951, Lemaître hakufurahi: kwake nadharia ilikuwa ya fizikia, basi.

Sentensi ya kwanza nayo ina ufa. Kiti kilianza lini? Seremala alipounganisha mbao, na mbao zilikuwapo tayari. Mianzo yote tuliyowahi kuishuhudia ni ya namna hiyo, vitu kupangwa upya. Kuichukua kanuni iliyotokana na viti na kuivisha mwanzo wa mata, nafasi na wakati kwa pamoja ni kuruka mbali sana.

Wapinzani wa Muumba nao wana njia yao ya mkato: ulimwengu ulichipuka wenyewe kutoka kwenye utupu. Chukua mabamba mawili ya metali yasiyo na chaji, yaweke ndani ya ombwe yakiwa yametengana kwa sehemu ndogo ya mikromita. Yatavutana, kama mwanafizikia Casimir alivyotabiri mwaka 1948. Utupu wenye uwezo wa kusogeza metali una sifa na una kanuni. Huo si "hakuna", na anayeanzia hapo amelisogeza swali hatua moja tu.

Kwa maoni yangu hoja yenye nguvu zaidi haijali kama ulimwengu ulianza. Ibn Sina, mwanafalsafa wa Kiislamu, aliuona ulimwengu kuwa wa milele, na bado akasema unategemea kitu kingine. Fikiria taa na mwanga wake: hata kama taa ingewaka tangu milele, mwanga ungeitegemea kila dakika. Chochote ambacho kingeweza kutokuwapo, alisema, hatimaye kinasimama juu ya kisichoweza kutokuwapo. Thomas Aquinas, mwanateolojia Mkristo, vilevile alikiri kwamba akili peke yake haiwezi kuthibitisha kuwa ulimwengu ulianza, na hilo halikumzuia kumtetea Mungu.

Pa kuibana hoja hii ni pawili. Kwanza, kwa nini kisichotegemea kisiwe ulimwengu wenyewe, au kanuni zake? Pili, "kisichoweza kutokuwapo" bado si Mungu anayesikia dua. Ibn Sina alilijua hilo: baada ya kufika hapo, ilimbidi alete hoja nyingine, moja baada ya moja, kuonyesha kwamba ni mmoja, kwamba hana mwili, kwamba anajua.