"Wadogo hawagongi"? Kaa hapa kwanza

Kuna sentensi nimeisikia mara nyingi mpaka siku hizi nikiisikia ni kama mtu kanikanyaga kidole. "Wadogo hawagongi." Nimeisikia gym, nimeisikia kwa kinyozi, na Jumapili iliyopita nimeisikia tena kibandani kwetu, saa 11 alfajiri, tumebanana kwenye mabenchi na masweta yetu, UFC (ligi ya mapigano ya mchanganyiko, ngumi, mateke na mieleka) iko hewani, likaingia pambano la flai, yani uzito wa watu wadogo, kabla ya lile kubwa wanalolisubiri, basi nusu ya watu wakainuka kama kengele imegongwa, wanaenda kwa mama supu. Jamaa mmoja akaniaga kabisa: "Kocha, hao kuku wakimaliza kufukuzana utatushtua." Mimi huyo, nimeshika padi miaka 15, nimeshusha watoto wa watu uzito mpaka mama zao wakaacha kunisalimia, eti niwe mshtuaji wa watu wanaokunywa supu.

Sikumjibu kwa sababu raundi ilishaanza. Najibu sasa.

Tuanze na yale ya kweli ili msinishikie hapo. Ngumi ya mtu wa kilo 115 ni nzito kuliko ya mtu wa kilo 57, hilo sibishi, nimezipokea zote na bega langu la kushoto linatoa ushahidi kila nikiamka. Na ni kweli uzito wa juu wanamalizana kabla ya muda mara nyingi zaidi kuliko flai. Sawa. Swali ni kwa nini, na hapo ndo mnaponiudhi, maana jibu lenu ni "wana nguvu" afu mnarudi kwenye ndimu na pilipili.

Ngumi inatua wapi? Kichwani. Kichwa cha mtu mzima ni kilo 4 na nusu, 5 hivi, jitu labda linazidi kidogo. Limiti ya flai ni kilo 56.7, ya uzito wa juu ni kilo 120.2, yani mwili zaidi ya mara mbili, lakini hujawahi kuona mtu ana kichwa mara mbili ya chako, ungekimbia. Ubongo ni ule ule unaelea kwenye fuvu lile lile, shingo imejaa zaidi kweli na inasaidia, ila haisaidii kiasi hicho. Kwa hiyo kule juu nyundo imekuwa mara mbili na msumari umebaki ule ule. Ndo maana jitu linaweza kurusha konde bovu kabisa, miguu imepinda, macho kafumba, kidevu juu kama anatafuta mwezi, likamgusa mwenzake kwenye sikio na mchezo ukaisha. Nyie mnashangilia nakauti, mimi nimeshika kichwa kwa sababu kosa lile nalikataza darasa la wanaoanza.

Flai akirusha konde la hivyo analipia papo hapo. Ndani ya muda aliotumia kuirudisha ngumi nyumbani, mwenzake ameshampiga mbili na ameondoka pembeni.

Sasa kuna jambo lingine ambalo sijawahi kusikia mtu analisema kibandani, nalo ndo kubwa zaidi kwangu. Kuinuka. Nguvu ya mtu inafuata unene wa msuli, uzito wake unafuata mwili mzima, kwa hiyo ukimkuza kiumbe uzito unakimbia mbele na nguvu inabaki nyuma inahema. Ndo habari ya sisimizi kubeba mzigo unaomzidi wakati tembo hawezi kubeba tembo mwenzake. Jitu likiangushwa chali na jitu lenzake likakaliwa kifuani, ni kama limeangukiwa na kabati la nguo na nguo zake, pumzi yote inaishia kwenye kuhema tu, ngumi tano sita zinashuka, refa anaingia. Flai akiangushwa, mgongo haujatulia chini ameshageuza nyonga, goti limeingia katikati, kiwiko kimesukuma paja la mtu, mkono mmoja umeshapata kifundo cha mguu, amesimama, na akisimama ni yeye anayemwangusha mwenzake. Sekunde 6. Ndani ya hizo sekunde 6 kila mmoja amefanya maamuzi manne au matano, na ukikosea moja tu mgongo wako umeuza. Hicho ndicho mnachokiita kuku kufukuzana! Na hata flai akipigwa vizuri akaenda chini, na huwa wanaenda, anaamka kabla mpigaji hajafika kummalizia. Ngumi ilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kubaki chini.

Nipeni pambano moja kama mfano. Oktoba 2017, bingwa wa flai Demetrious Johnson na Ray Borg, raundi ya 5, Johnson yuko nyuma ya Borg kamkumbatia kiunoni. Anamnyanyua, anamrusha. Mpaka hapo ni mieleka ya kawaida. Sasa rudisha nyuma uangalie mikono tu, usiangalie miili: Borg akiwa bado hewani, mikono ya Johnson imeshatoka kiunoni inafuata mkono wa mwenzake, na wanapotua mkono umeshanaswa, miguu inapita juu ya kifua, Borg anagonga kuomba basi. Dakika ya ishirini na ngapi huko, mtu ana jasho, anashika kitu kinachoteleza, anabadilisha mshiko hewani. Nimejaribu kulifundisha lile mara mbili. Mara ya kwanza nilimtegua mtu kidole, mara ya pili nilijitegua mwenyewe. Lile ndo lilikuwa utetezi wa 11 wa mkanda wake, akaipita rekodi ya Anderson Silva, na bado kuna mtu ananiambia "angekutana na wa kilo 90 je?" Angepigwa, kaka. Na Messi akicheza rugby atavunjwa. Sasa?

Halafu linganisha na Julai 2018, uzito wa juu, Francis Ngannou na Derrick Lewis, watu wawili wenye ngumi za kutisha kuliko wote wakati ule. Dakika 15. Mapigo ya maana kwa wote wawili yakijumlishwa: 31. Ngannou 11, Lewis 20. Ukumbi unazomea. Siwalaumu sana, mtu akijua konde moja linamzima naye anajua analo la kumzima mwenzake, wote wanaganda, ni akili ya kawaida. Ila hakuna aliyetoka pale akasema "uzito wa juu unaboa." Walisema lile pambano liliboa. Flai mmoja akiboa, uzito mzima unahukumiwa. Hilo ndo linanichoma zaidi ya yote.

Na msidhani ni maneno tu ya kibandani. Septemba 2012 pale Toronto, Johnson alimshinda Joseph Benavidez akawa bingwa wa kwanza wa flai UFC, na watu ukumbini walizomea. Miaka 6 baadae, Oktoba 2018, Johnson akabadilishwa na Ben Askren kama wachezaji wa kikapu akaenda ONE, ligi ya mapigano ya Asia, na mwisho wa mwaka ule flai wakawa wanaachiwa mmoja mmoja, uzito wenyewe unasemekana unafungwa. Kati ya walioachiwa alikuwepo Brandon Moreno. Huyo huyo Moreno alirudi 2019, na Juni 2021 akamkaba Deiveson Figueiredo kabali akawa bingwa wa kwanza mzaliwa wa Mexico. Hao wawili wamepigana mara nne. Sare, Moreno, Figueiredo, Moreno. Kama hujaziona zote nne usinisalimie.

Hawagongi, ee? Desemba 2013 Johnson alimlaza Benavidez raundi ya kwanza. Aprili 2021 Johnson mwenyewe alilazwa na Adriano Moraes kwa goti, mwaka uliofuata akalirudisha goti lile lile kwa mtu yule yule. Henry Cejudo alimmaliza TJ Dillashaw, Januari 2019, sekunde 32. Au shukeni chini zaidi, kilo 52, wanawake: Machi 2020, Zhang Weili na Joanna Jędrzejczyk, tafuteni picha ya paji la uso la Joanna baada ya raundi 5 afu mje mniambie tena kuhusu nguvu. Mwaka uliofuata Zhang naye akala teke la kichwa la Rose Namajunas, sekunde 78, kwaheri.

Lingine, hili nalipita haraka maana presha inapanda: "kilo 57? Hata mimi nampiga." Hayupo mtu wa kilo 57 pale. Kilo 57 ni za asubuhi moja tu, ya mzani. Wengi wao mtaani ni kilo 64, 65, wanashusha kwa wiki kadhaa na siku za mwisho wanakamua maji, wanapanda mzani, wanakunywa, wanakula, kesho yake anayeingia ulingoni ni mtu mwingine kabisa. Figueiredo na Moreno pambano lao la kwanza, Desemba 2020, wote wawili walikuwa wamepigana siku 21 tu kabla yake. Yani mwili umekamuliwa mara mbili ndani ya wiki tatu afu wakaenda raundi 5. Wewe ukifunga kula mpaka saa 7 mchana unagombana na konda.

Na hapa utani naacha. Desemba 2015 kijana wa Kichina, Yang Jian Bing, miaka 21, alifariki akiwa anashusha uzito kwa pambano la flai la ONE huko Manila. Baada ya hapo ONE wakaanza kupima maji ya mwili na flai yao wakaipandisha mpaka kilo 61.2. Mimi nimewahi kukaa na kijana wangu bafuni usiku, beseni la maji moto na chumvi, taulo kichwani, anatema mate kwenye chupa ya maji kama mtu anayelipwa kwa kila tone, asubuhi tukafika ukumbini mzani wao unasoma gramu 600 zaidi ya wetu. Nilibishana, nikashindwa. Akarudi kuruka kamba na sweta. Akaipata. Jioni nilikuwa nimekaa nje peke yangu sijisikii vizuri hata kidogo, na mpaka leo lile tukio silisimulii kama ushindi.

Sasa na mimi nikubali yangu. Pambano lile la kwanza la Johnson na Benavidez, nilipoliangalia mara ya kwanza, nilisinzia raundi ya 3. Kweli. Nilikuja kulielewa nikiwa nalirudia kwa ajili ya kazi. Na enzi za Johnson baadhi ya waliopewa nafasi ya mkanda hawakuwa saizi yake, uzito ulikuwa na watu wachache, kwa hiyo ule utawala wake siwezi kuusimamia wote kwa asilimia mia. Pia nikisema flai wana pumzi kuliko majitu, sijui ni kiasi gani ni mwili na kiasi gani ni kwamba flai analazimika kufanya mazoezi ya pumzi kwa sababu hana konde la kumtoa shimoni. Na hii ya kukamua maji kulegeza kidevu, yani mtu kuzimika kirahisi akipigwa, naiamini, naifundisha, lakini nilicho nacho ni macho yangu na vijana ambao idadi yao haifiki ishirini, huo sio ushahidi wa kumbishia daktari.

Ila hili la ufundi sirudi nyuma hata hatua. Na wazee wetu walilijua. Olimpiki ya Mexico City 1968, George Foreman alichukua dhahabu uzito wa juu. Lile kombe la Val Barker, la bondia mwenye ufundi kuliko wote wa mashindano, unajua alipewa nani? Philip Waruinge, Mkenya, uzito wa unyoya, kilo 57, ambaye hata dhahabu hakupata, alirudi na shaba. Kati ya mabondia wote wale, na Foreman ndani, wakampa mtu wa kilo 57 kutoka kwetu. Nilimwambia hivyo yule jamaa wa supu aliporudi. Akauliza, "Alimpiga nakauti nani?"

Basi nikanyamaza, nikaangalia simu. Dogo wangu alikuwa ametuma picha ya mzani wa asubuhi: 63.4. Ana pambano baada ya siku 12 na bado sijaamua kama namshusha 56.7 au namwacha apigane 61.2 na watu warefu kuliko yeye. Yeye anataka 56.7. Kwenye kona ya picha, chini kulia, kuna sahani yenye nusu chapati.