“Fundi, Niongezee Maji”: Kompyuta Yako Siyo Gari

Wiki hii nimeambiwa mara tatu: “Fundi, maji yameisha, niongezee.” Wa mwisho alikuja na kidumu cha maji ya betri mkononi, kompyuta yake imelazwa kwenye kiti cha bajaji. Ni kijana wa Sakina, hapa Arusha, anayehariri video za harusi. Prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, kwake inapozwa na maji yanayozungushwa na pampu; ilikuwa inagonga digrii 100 na mashine inajizima katikati ya kazi. Nilipofungua kava nikakuta ameshajitibu mwenyewe: ametoboa mpira unaopitisha maji kwa sindano ya duka la dawa, akasukuma maji ndani, tundu akaliziba kwa gundi. Usiku gundi ikaachia. Maji yakateremka mpaka kwenye kadi ya grafiki iliyo chini yake. Prosesa yake ni nzima hadi leo. Iliyokufa ni kadi.

Najua dhana hii inatoka wapi. Gari likichemsha pale kwenye mlima wa kutoka Mto wa Mbu kwenda Karatu, unasubiri lipoe, unafungua rejeta, unaongeza maji, safari inaendelea. Kwa kuwa kompyuta nayo ina kitu kinachoitwa rejeta, watu wanamaliza hesabu hapo hapo. Lakini hivi vipozaji vya maji vinavyouzwa madukani hufungwa kiwandani, na vingi havina hata kizibo. Zipo modeli chache zenye tundu la kujazia, baadhi za be quiet! kwa mfano, na hizo huwekewa kimiminika chake maalumu, si kitu cha kwenye kidumu.

Kwanza, humo ndani hakuna kinachochemka. Prosesa inaweza kuwa digrii 90 na maji yanayopita juu yake yakawa 40 tu. Hapa Arusha, kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, maji huchemka yakikaribia digrii 95, na kipozaji kizima hakifiki huko. Hakuna mvuke unaotoka. Kinachopungua ni kidogo sana, kinapenya kwenye kuta za mipira kwa miaka mingi, na kikishapungua vya kutosha utaanza kusikia sauti ya maji yakigugumia kwenye pampu. Kipozaji cha mwaka mmoja au miwili hakijaisha maji. Kama kweli yameisha, kimevuja, na ungeuona unyevu.

Pili, yale siyo maji matupu. Ni maji yenye glaikoli na dawa ya kuzuia kutu, na yote hayafiki nusu lita. Bamba linalokaa juu ya prosesa ni la shaba, rejeta kwa kawaida ni ya alumini. Metali hizo mbili zikikutana kwenye maji yenye madini, alumini inaliwa. Na maji yetu tunayajua: floraidi yake inaonekana kwenye meno ya watu. Maji ya betri ni masafi zaidi, lakini kila tone unaloongeza linaizimua ile dawa. Uchafu wa kutu unakwenda kunasa kwenye vifereji vya bamba la shaba, ambavyo ni vyembamba mno, na hapo ndipo kipozaji kinakufa kweli.

Basi ikiwa maji hayajaisha, joto linatoka wapi? Naomba kabla ya kushika bisibisi ushike saa. Nasema hili kwa kila mteja na nitaendelea kulisema.

Acha mashine ipoe kabisa, iwashe, ingia BIOS (ule ukurasa wa mipangilio unaofunguka kabla ya Windows), angalia namba ya joto la prosesa. Kama ndani ya dakika moja imeruka hadi 85 au 90 na hujafungua programu yoyote, joto haliondoki kwenye prosesa. Ama pampu haizunguki, ama bamba halijagusa vizuri: skrubu moja imelegea, pesti ya kupitisha joto kati ya prosesa na bamba imekauka, au ile nailoni ya kiwandani inayofunika bamba haikubanduliwa. Naam, bado naikuta nailoni kwenye mashine za watu. Lakini kama joto linapanda polepole, dakika 10, dakika 20, ndipo linafika pabaya, pampu na bamba vinafanya kazi yao. Maji yanabeba joto ila hayana pa kulitua. Hapo kagua rejeta na feni. Kwa vumbi letu jekundu la kiangazi, mara nyingi utakuta kati ya feni na rejeta kumejengeka blanketi zima.

Ukishamaliza na saa, tumia vidole. Shika mipira yote miwili na rejeta wakati prosesa ina moto. Maji yakizunguka vizuri, mipira inakuwa vuguvugu karibu sawa. Kwa wati 200 na mzunguko wa lita moja kwa dakika, tofauti ni digrii 3 tu, kidole hakiwezi kuibagua. Ukikuta kichwa cha pampu kinaunguza na rejeta ni baridi kama jiwe la mtoni, maji yamesimama.

Ndivyo ilivyokuwa kwa yule kijana. Wiki mbili kabla alisafisha vumbi, na wakati wa kurudisha nyaya akachomeka plagi ya pampu kwenye pini za feni ya kesi. Madabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, ilikuwa imepangwa ipunguze umeme wa feni hiyo ili mashine iwe kimya. Pampu ikawa inanguruma kidogo, inasimama, inanguruma tena, naye akisikia mlio anasema pampu ni nzima. Nilipoihamishia kwenye pini zilizoandikwa AIO_PUMP na kuipa umeme kamili, ilizunguka zaidi ya mara 2,500 kwa dakika. Plagi moja. Pampu haipunguzwi mwendo ili kutafuta ukimya, punguza feni.

Dhana nyingine ninazoambiwa nitazipita haraka. “Arusha kuna baridi, kompyuta haiwezi kuchemka.” Baridi ya Julai inakusaidia digrii kumi hivi, basi. Na hewa ya mwinuko huu ni nyepesi kuliko ya pwani kwa zaidi ya asilimia 10, kwa hiyo feni ile ile inabeba joto kidogo zaidi kule chini kuliko huku. “Pesti nyingi ndiyo inapoza zaidi.” Hapana, kiasi cha njegere moja kinatosha, na ya zamani ifutwe yote kwa spiriti ya isopropili kabla hujaweka mpya. Dawa ya meno isiguse prosesa. “Ondoa kava, washa feni la nyumbani lipulize ndani.” Vumbi litaziba rejeta upesi mara mbili.

“Digrii 90 imeungua.” Haijaungua. Prosesa nyingi za Core za Intel zina kikomo cha digrii 100, na AMD ilizitengeneza prosesa zake za Ryzen 7000 zenye herufi X mwishoni zifanye kazi nzito hadi 95. Zikifika kikomo zinajipunguzia kasi zenyewe. Kinachonikera zaidi hapa ni madabodi zinazotoka dukani zikiwa zimeondolewa kikomo cha umeme. Core i9-13900K ikirudishiwa kikomo chake cha wati 253 kwenye BIOS, mara nyingi ugomvi wa joto unaishia hapo.

Na rejeta ikifungwa, pampu isiwe ndiyo sehemu ya juu kabisa ya mfumo. Hewa iliyomo hupanda juu. Iache ipande kwenye rejeta, isikae kwenye pampu.

Ushauri wangu kwa mtu wa Arusha au Moshi anayefanya kazi ya kumpa riziki: nunua kipozaji kikubwa cha hewa, cha aina ya Noctua NH-D15. Hakina pampu. Feni yake ikifa, unapata nyingine mjini siku hiyo hiyo na kazi inaendelea. Pampu ya maji ikifa, unasubiri mzigo. Yule kijana nimemfungia cha hewa. Jana alinitumia picha ya skrini akiwa katikati ya kuhariri video ya harusi yenye urefu wa saa tatu: digrii 78.